Umesikia Nini? Namna ya Kutoa Maoni juu ya Santuri ya Hadharani

(Mazungumzo ya redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Unguja. Yamechapwa kwa ajili ya vikundi, na kwa wale ambao hawakuwahi kuyasikia.)

 

Katika somo lililopita tulitazama gazeti. Tulijifunza kutenganisha habari iliyotokea na maoni ya mtu aliyeiandika. Leo tutaifanya kazi hiyo hiyo kwa masikio. Tutazungumza juu ya santuri, na hasa santuri za namna moja: zile zilizonaswa wasikilizaji wakiwapo, wapigaji wakiwa jukwaani na watu mbele yao wakipiga makofi na vigelegele. Vijana huziita albamu za "laivu". Mimi nitasema santuri ya hadharani, nanyi mtanielewa.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Mwalimu, jambo hili lina somo gani? Muziki ni starehe. Anayependa husikiliza, asiyependa huzima." Ni kweli, muziki ni starehe kwetu sisi tunaosikiliza. Lakini kwa anayeupiga ni kazi, na maneno tunayoyasema barazani juu ya kazi ya mtu yaweza kumfaa, na yaweza kumvunja moyo. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Basi nitaanza na kisa hicho.

KOSA LA MWALIMU

Jioni moja nilikwenda kufundisha kikundi cha watu wazima huko shamba, upande wa kusini wa kisiwa chetu. Tulikuwa watu ishirini hivi, wake kwa waume. Nilichukua wimbo wa kundi moja la vijana wa Unguja. Kundi hilo sitalitaja, kwa sababu sikuja hapa kuwatangaza wala kuwashitaki. Hupiga udi, ganuni na fidla kama wazee wetu walivyopiga, na pamoja na hizo hutia gitaa la umeme, gitaa la besi na ngoma za kizungu. Nyimbo zile zilinaswa usiku mmoja Mji Mkongwe, katika ua usioezekwa, na watu wamejaa.

Niliweka simu yangu juu ya meza, nikawapigia nyimbo tatu. Zilipokwisha nikauliza: "Je, mmependa?"

Bwana mmoja mvuvi alijibu kwanza. Akasema: "Kelele tupu. Wanawake wanapiga vigelegele, hata maneno ya wimbo hayasikiki." Bibi mmoja mshonaji akamjibu pale pale: "Mimi nimependa hapo hapo penye vigelegele." Mzee mmoja, ambaye ujanani alipiga fidla katika kundi la taarab, akatikisa kichwa akasema: "Ganuni imelegea nyuzi." Kijana mmoja akasema: "Hakuna besi. Nyimbo zao za studio ni bora." Na bwana mwingine akamaliza kwa kusema: "Hii si taarab wala si muziki. Wameharibu mila, na hawajui kitu."

Basi kila mtu akasema, na kila mtu akasema kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake. Kila mwamba ngoma, wahenga walisema, huvutia kwake. Katikati ya mabishano hayo nikaona kijana aliyeketi nyuma karibu na mlango anachukua mfuko wake na kutoka. Sikumjua. Baadaye nikaambiwa kwamba ni mwenyeji wa kijiji kile kile, na kwamba lile gitaa tulilolisikia ndiye aliyelipiga.

Nilirudi mjini na haya. Hakuna aliyekusudia kumtukana yule kijana, lakini alitoka na aibu na hakutoka na jambo hata moja la kumsaidia. Nilipofikiri nikaona kwamba kosa lilianzia kwenye swali langu. Nilipouliza "Mmependa?" nilimwomba kila mtu anieleze habari za nafsi yake. Nilipaswa kuuliza kwanza: "Mmesikia nini?"

SAUTI TATU KATIKA SANTURI MOJA

Sasa na tutazame santuri ya hadharani imefanywa kwa vitu gani. Ndani yake mna sauti tatu.

Sauti ya kwanza ni ya wapigaji: waimbaji na ala zao. Katika chumba cha studio wapigaji wanaweza kurudia mara kumi mpaka wimbo utulie. Mmoja akikosea, hupiga sehemu yake tena peke yake. Hadharani hawana nafasi hiyo. Wimbo ukianza huenda mpaka mwisho. Moyo hudunda, na mara nyingi nyimbo huenda mbio kidogo kuliko zilivyofanyiwa mazoezi. Kwa upande mwingine mpiga fidla huweza kupata jambo usiku ule ambalo hajalipata siku zote za mazoezi.

Sauti ya pili ni ya mahali. Ukumbi wa kuta za mawe hurudisha sauti, lakini ua ulio wazi huiachia iende zake. Hewa nayo ina kazi yake. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kwa kawaida nyuzi tatu tatu hufungwa kwa sauti moja. Jioni ya unyevunyevu, kama tuzijuavyo sisi watu wa pwani, nyuzi hizo hubadilika hata kama mpigaji ni fundi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Fundi wa sauti anaweza kuinasa sauti kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuichukua moja kwa moja kutoka kwenye meza yake, ile yenye waya zote za vipaza sauti. Njia hii huileta sauti ya mwimbaji karibu sana, lakini ngoma na gitaa huweza kusikika kwa mbali. Sababu ni kwamba vitu hivyo vina kelele vyenyewe, na fundi hakuwa na haja ya kuviongeza sana mezani. Njia ya pili ni kuweka vinasa sauti kati ya watu. Hapo utausikia ua wote, pamoja na mtoto anayelia na kikombe kilichoanguka. Mafundi wengi huchanganya njia zote mbili. Kwa hiyo ukisema "ngoma zao hafifu", yawezekana mpiga ngoma hana kosa lolote.

Sauti ya tatu ni ya wasikilizaji wenyewe. Hii inataka sehemu yake.

VIGELEGELE SI KELELE

Neno taarab limetoka katika neno la Kiarabu, tarab, yaani ile hali ya moyo kuguswa na muziki mpaka mtu akashindwa kunyamaza. Tazameni basi: jina lenyewe linamtaja msikilizaji. Bila ya mtu wa kuguswa, taarab haijatimia.

Wazee wetu walijifunza mengi kutoka Misri. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa hapa Unguja mwaka wa 1905, kilianza kwa kuimba nyimbo za Kiarabu. Huko Kairo mwimbaji mkubwa Umm Kulthum, aliyefariki mwaka wa 1975, aliimba kwa miongo mingi katika maonyesho yaliyotangazwa na redio Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Santuri zake nyingi zinazopendwa zilinaswa katika maonyesho hayo. Zisikilizeni vizuri. Akiimba mstari uliowagusa watu, ukumbi mzima hulia kwa furaha na kumtaka aurudie, naye huurudia, lakini kila mara kwa namna nyingine. Wimbo mmoja huweza kufika saa nzima. Sasa niambieni, nani ameurefusha wimbo ule? Mwimbaji na wasikilizaji wameufanya pamoja.

Hapa kwetu tuna desturi ya kutunza. Mtu huinuka, huenda mbele kwa madaha huku akicheza, akampa mwimbaji fedha. Lakini hainuki wakati wowote. Hungoja mstari wake. Nyimbo zetu zina mafumbo mengi, na pengine bibi anayekwenda kutunza anautumia ule mstari kumpelekea mtu salamu, naye mwenye salamu zake ameketi safu ya tatu na anajua. Vigelegele vikipigwa pale, vinasema: tumeelewa. Mcheza kwao hutunzwa, na anayesikiliza santuri ya namna hii anasikia kazi pamoja na malipo yake.

Santuri haiwezi kutuonyesha bibi yule alimtazama nani. Lakini inatuonyesha mstari gani uliwainua watu, na hiyo ni habari kubwa.

Ili mwone ukubwa wake, mkumbukeni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay, wakaimbia kampuni ya santuri ya His Master's Voice, nyimbo za Kiswahili zikauzwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo wimbo uliokuwa ukirefushwa kwa matakwa ya watu waliohudhuria ulibidi ukatwe uingie ndani ya dakika hizo. Na katika chumba kile cha Bombay hawakuwapo watu wa Ng'ambo wala wa Malindi wa kumpigia vigelegele. Siti alifariki mwaka wa 1950. Leo sauti yake tunayo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tukizisikiliza santuri zile hatuwezi kujua watu wake waliinuka wapi, walicheka wapi, na walinyamaza wapi. Wasikilizaji wa Siti wamekwenda na maoni yao.

Kwa hiyo mtu akija kwenu na santuri ya hadharani akataka kuzikata sauti za watu ili "isafike", mwambieni afikiri mara mbili.

KISA CHA MANCHESTER

Huenda mkadhani mabishano ya kikundi chetu yalikuwa ya Unguja peke yake. Sivyo. Marekani na Uingereza kuna muziki uitwao foku-roki. Ni nyimbo za asili, za wakulima, mabaharia na vibarua, au nyimbo mpya zilizotungwa kwa mfano wa hizo, zikapigwa kwa magitaa ya umeme na ngoma. Mmoja wa waliouanzisha ni Bob Dylan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1941. Kwanza alisifiwa kwa kuimba peke yake, na gitaa la kawaida na kinanda kidogo cha mdomoni. Mwaka wa 1965, katika tamasha la nyimbo za asili la Newport, alipanda jukwaani na wapiga magitaa ya umeme, na baadhi ya watu wakamzomea.

Mwaka uliofuata alizunguka Uingereza. Tarehe 17 Mei 1966 alikuwa mjini Manchester. Nusu ya kwanza ya usiku aliimba peke yake, watu wakatulia. Nusu ya pili akaleta wenzake na umeme wao, na ukumbi ukagawanyika. Karibu na mwisho, mtu mmoja akapaza sauti akamwita Yuda, maana yake msaliti. Dylan akamjibu kwamba hamwamini, kisha akawaambia wenzake wapige kwa nguvu.

Usiku ule ulinaswa. Nakala zake zilipita mikononi mwa watu kwa siri miaka mingi, na mwaka wa 1998 ikatolewa santuri rasmi. Basi ukiisikiliza leo, unausikia muziki na unayasikia maoni ya msikilizaji, vyote kwa pamoja. Na wengi wanaoipenda wanaona kwamba bila ya lile neno la yule mtu, santuri ile ingepungukiwa.

Kuna funzo la pili ndani yake. Zile nakala za siri ziliandikwa kwamba zilinaswa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Kwa muda wa miaka thelathini hivi, watu wengi walieleza jinsi watu wa London walivyomzomea Dylan usiku ule, kumbe wanaosikika ni watu wa Manchester. Kwa hiyo kabla hujatoa maoni, uliza: hiki ninachokisikia kilinaswa wapi, na lini?

Na la tatu ni hili. Mwaka mmoja kabla ya Dylan kuzomewa Newport, yaani mwaka wa 1964, Umm Kulthum aliimba kwa mara ya kwanza wimbo wa "Enta Omri", ambao muziki wake ulitungwa na Mohammed Abdel Wahab. Ndani yake lilipigwa gitaa la umeme. Leo wazee wengi wanaouchukia umeme katika taarab huutaja wimbo huo kuwa ni mfano wa muziki wa zamani uliotulia.

Hapa kwetu nasi tuliyaona hayo. Katika miaka ya 1990 makundi kama East African Melody yalileta vinanda vya umeme na maneno ya vijembe vya waziwazi, taarab hiyo ikaitwa rusha roho. Wako waliosema taarab imekufa, na wako waliojaza kumbi. Baadaye wakaja vijana waliosomea muziki. Chuo cha Dhow Countries Music Academy kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka wa 2002, na tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka wa 2004, likawapatia wapigaji jukwaa ndani ya Ngome Kongwe. Mwaka wa 2018 Siti and the Band, kundi la Unguja linalochanganya taarab na mitindo mingine, lilitoa santuri iitwayo Fusing the Roots, yaani kuunganisha mizizi. Vijana wa namna hiyo wako wengi sasa, na kila mmoja wao anangoja kusikia tutasema nini.

TULIPOSIKILIZA TENA

Sasa turudi shamba. Wiki iliyofuata nilikwenda kwanza nyumbani kwa yule kijana. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nikamwalika aje kwenye kikundi, na nikamwahidi kwamba jioni ile hakuna atakayeulizwa kama amependa. Mama akasema: "Nenda mwanangu, umesikia mabaya yao, kasikilize na mazuri." Akaja, akaketi pale pale karibu na mlango.

Safari hii nilikuwa nimeazima kipaza sauti kikubwa. Nilimpa kila mtu karatasi, na asiyejua kuandika alikaa na mwenzake anayejua. Nikawaambia: "Andikeni mnachosikia, na mahali mnapokisikia. Ubeti wa kwanza, wa pili, au baina ya beti. Kupenda na kuchukia tutakuja navyo baadaye."

(Hapa wasikilizaji wa redio walipigiwa kipande cha wimbo. Vikundi vinavyosoma vichague wimbo wowote ulionaswa mbele ya watu.)

Basi tazameni maoni yale matano yalivyogeuka.

Yule mvuvi aliandika kwamba maneno yamepotea katika ubeti wa pili. Tukaurudia ubeti huo. Mara akacheka mwenyewe, akasema: "Kumbe vigelegele viko baina ya beti. Kinachoyafunika maneno ni gitaa, limeingia mapema kabla mwimbaji hajamaliza." Tukasikiliza tena, na ikawa kweli.

Bibi mshonaji alieleza kwa nini vigelegele vimepigwa pale. Mstari ule, alisema, kwa nje unazungumza habari za chombo kilichovuja, na kwa ndani unamsema mume asiyetunza siri za nyumbani. Nusu ya wanaume waliokuwapo hawakuwa wameligundua fumbo hilo. Wakaomba lirudiwe.

Mzee wa fidla alisikiliza nyimbo zote tatu akiwa amefumba macho. Akasema: "Wimbo wa kwanza ganuni iko sawa kabisa. Wa pili imeanza kushuka. Wa tatu ndio mbaya. Mpigaji anajua kazi, lakini hakupewa nafasi ya kufunga nyuzi zake tena. Waliunganisha nyimbo upesi mno." Mwaona tofauti? Wiki ya kwanza ilikuwa lawama. Sasa ni shauri la fundi kwa fundi.

Kijana aliyesema hakuna besi alinyamaza tangu wimbo ulipoanza. Besi ilikuwapo, nene na nzuri, imejaa chumba kizima. Wiki iliyopita niliwapigia kwa simu, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito. Yeye alisema kweli juu ya alichokisikia, nami ndiye niliyemficha besi. Hata ingelikuwa sanduku la kidumbaki, lile sanduku la chai lenye uzi mmoja linalopigwa badala ya besi, simu yangu ingelimeza vilevile.

Akabaki yule bwana wa mila. Nilimweleza habari za Kairo na Manchester kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, bado sipendi. Lakini sasa najua kwa nini. Mwimbaji akimaliza mstari mimi naingoja fidla imjibu, na badala yake linajibu gitaa. Masikio yangu yamezoea fidla." Sikumtaka abadili maoni yake, kwa kuwa ni haki yake. Ila maneno yake ya sasa mtu anaweza kuyafikiria na kuyajibu, na yale ya "hawajui kitu" hayajibiki.

Yule kijana hakusema neno muda wote. Nilipopita karibu naye niliona ameandika mambo mawili katika karatasi yake: gitaa lisiingie kabla ya mwisho wa ubeti, na ganuni ipewe muda. Kisha akamwendea yule bwana wa mila, akamwuliza: "Mzee wangu, na kama fidla ikijibu kwanza, kisha gitaa lifuate nyuma yake?" Yule bwana akafikiri kidogo, akasema: "Leteni, tusikie."

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Wasikilizaji, kutokana na kisa hiki nawaombeni mshike mambo manne.

La kwanza, eleza umesikilizia kwa chombo gani na mahali gani. Sauti ya simu, ya redio ya betri na ya kipaza sauti kikubwa hazilingani.

La pili, taja mahali. Usiseme "wamekosea", sema "katika ubeti wa pili, gitaa limewahi." Asiyeweza kutaja mahali na asikilize tena.

La tatu, sema unalinganisha na nini. Anayelinganisha na wimbo wa studio hutafuta usafi. Aliyekuwapo usiku ule hutafuta kukumbuka, na aliyekulia katika taarab ya fidla huingoja fidla. Wote watatu waweza kusema kweli na wasikubaliane.

La nne, kupenda na kuchukia kuje mwisho, na kila mtu aseme "mimi". "Mimi sipendi" ni maneno ya haki. "Si muziki" ni hukumu, na hukumu inataka mashahidi.

Kabla sijafunga, nataka kuwaachia jambo moja la kufanya. Katika nyumba nyingi za Unguja zimo kaseti za zamani za taarab zilizonaswa harusini na katika kumbi. Ziko makabatini, nyingine zimeliwa na ukungu. Ndani yake wamo wapigaji waliokwisha fariki, na wamo mama zetu na bibi zetu wakipiga vigelegele. Itafuteni kaseti moja, mwipeleke kwa kijana anayejua kuihamisha katika simu au kompyuta. Kisha mketi na mzee aliyekuwapo usiku ule, mwandike anayoyakumbuka: wapi, lini, nani aliimba, na watu waliinuka katika mstari gani. Mzee huyo akiondoka, kaseti itabaki na sauti na haitakuwa na wa kuieleza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Chagueni wimbo mmoja ulionaswa mbele ya watu. Usikilizeni mara mbili. Mara ya kwanza andikeni sauti za wapigaji, na mara ya pili andikeni sauti za mahali na za watu. Mmegundua nini mara ya pili?

2. Watu wamepiga vigelegele au makofi mahali gani? Kwa maoni yenu, ni kwa sababu ya maneno, ya sauti ya mwimbaji, au ya ala?

3. Kama wimbo huo upo pia katika namna ya studio, linganisheni urefu na mwendo wake. Kipi kimeongezwa na kipi kimeondolewa?

4. Kila mmoja na aandike maoni yake kwa sentensi tatu. Ya kwanza ieleze amesikia nini na wapi. Ya pili ieleze analinganisha na nini. Ya tatu ndiyo aseme kama amependa.

5. Someni sentensi hizo kana kwamba aliyeupiga wimbo ameketi karibu na mlango. Je, kuna neno ambalo mngelibadili?

Tafadhalini tupelekeeni majibu yenu kwa mkono wa mwalimu wa kikundi. Katika somo lijalo nitayasoma baadhi yake, na tutaendelea na habari za kutunza kaseti na picha za zamani zisiharibiwe na unyevu. Mpaka hapo, kwaherini, na mbaki na amani.